Seli za Mbuzi za Papa Tshimanga

Likasi, Alhamisi 10 Desemba 1992

Papa Tshimanga, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, ninyi na mama Mbombo na watoto wote. Habari ya mwili? Ule mguu wa mama Mbombo uliovimba kwa kulala miezi mitatu juu ya sementi ya gare mkingoja treni, umepata nafuu? Njiani mlikula nini? Sisi hapa tuko wazima. Mume wangu Damas anawasalimu. Mvua inanyesha tangu asubuhi.

Jana kwenye dirisha la behewa mliniambia: "Alphonsine, andika kila siku mu kaye. Hata kama hakuna kintu, andika hakuna kintu. Njo nitajua kama uliangalia." Basi nimepata daftari hili. Nitawaandikia humu mpaka mvua iishe, kisha masista watalifikisha Mwene-Ditu mnakokwenda.

Naandika pia kazi mliyoniachia, isibaki maneno ya dirishani. Seli za figo ya mbuzi, zile mlizozianzisha mwaka 1976 na ambazo hazipo mahali pengine, zikae hai na safi mpaka mwisho wa Machi. Hapo Docteur Hélène atakuja kutoka Lusaka kuzichukua kwa ajili ya chanjo ya ndui ya mbuzi. Akizichukua, labo yetu, maabara hii, inakuwa tawi la labo ya Lusaka na sisi watu tisa tunabaki kazini. Akiondoka mikono mitupu, labo inafungwa. Mtungi wa azoti ya kugandishia ulikauka Oktoba, kwa hiyo hakuna akiba iliyogandishwa. Kilichopo ni kile kinachoishi ndani ya chupa.

Taarifa ya jana: umeme ulikuja saa tatu ya asubuhi, ukakatika saa tano. Nililisha seli za hamsta, yule panya wa maabara, na za mbuzi kwa pamoja, nikafunga kabati la joto, nikakimbia gare na ule mfuko wa unga wa safari yenu. Nikawakuta bado hamjaondoka, Mungu asifiwe. Mbuzi wako kwenye passage ya 141, yaani mara ya mia moja arobaini na moja ya kuzibandua na kuzigawa katika chupa mpya.

11 Desemba

Hakuna kitu. Digrii 37.

14 Desemba

Chef Camille, aliyewekwa mkuu wa labo mahali penu, ameanza kukaa katika ofisi yenu. Amekuja na mto wake wa nyumbani, ule wa maua mekundu, akauweka juu ya kiti chenu. Tumesalimiana. Sikusema kitu.

Sikusema kitu Septemba vilevile, siku majina ya watu wa Kasai wa kufukuzwa mjini yaliposomwa uani na la kwenu likawa la pili. Niliangalia viatu vyangu. Kwa hiyo habari ya mto nawaandikia tu kama nilivyoona, simhukumu mtu.

19 Desemba

Hakuna kitu. 36 na nusu.

25 Desemba, Noeli

Nimelisha kabla ya misa. Seli zimelala vizuri, moja kando ya nyingine kama mawe ya barabara. Tumeimba sauti nne.

2 Januari 1993

Mvua. Hakuna kitu.

8 Januari

Radi imepiga laini ya umeme inayotoka kwenye bwawa la Koni. Wengine wanasema ni ile ya Mwadingusha. Umeme hakuna, na hakuna anayejua mpaka lini. Nimewasha mbabula, lile jiko la makaa, chini ya kabati la joto kama mlivyofanya mwaka ule wa mafuriko. Joto likapanda mpaka 41. Nikatoa makaa. Likashuka mpaka 33. Nikarudisha makaa. Hivyo mchana kutwa. Seli hazipendi namna hii, na mimi pia.

9 Januari

Nimeacha mbabula. Nimefunga vizuri vifuniko vya chupa mbili za mbuzi, nikaziweka tumboni, moja kulia na moja kushoto, nikajifunga kitenge juu yake. Mwili wa mtu ni 37, Mungu ndiye aliyeupima. Za hamsta amezichukua Camille katika koti lake. Hamsta hawana shida, wanaishi hata na mjinga. Hilo ni neno lenu.

Wakati wa chakula Damas ameniangalia sana.

"Minye nilioa bibi mumoja," akasema. "Sasa niko nakula na batatu."

"Hawa wawili hawaombi nyama," nikamjibu.

"Aksanti kwa Mungu!"

10 Januari, Jumapili

Nimekwenda nazo misa. Simone wa sauti ya pili ya kwaya yetu amenigusa kiunoni wakati wa kupanga mistari, akashtuka.

"Mama Alpho! Hii mimba yako iko na pembe!"

"Iko ya mbuzi," nikasema. Sikutaka kudanganya kanisani.

"Yesu wangu! Na bwana yako anajua?"

"Anajua. Anasema muradi isiombe nyama."

Sauti ya pili yote ikacheka, padri akageuka kututazama, tukaimba Kyrie vibaya. Nimeungama jambo hilo kimoyomoyo. Chupa hazikupata kitu.

12 Januari

Umeme umerudi saa nane mchana. Nimeziangalia kwa darubini: hai. Nimekaa kidogo juu ya kigoda.

26 Januari

Chupa imejaa kwa siku tano. Zamani za mbuzi zilihitaji nane. Pembeni nimeandika: Mungu asifiwe.

4 Februari

Sasa ni siku nne. Chakula chao cha rangi ya waridi kinageuka manjano kabla sijamaliza kuosha vyombo, vile zinavyokula. Chef Camille amekuja, ameangalia, amepiga makofi.

"Unaona? Mu mukono yako zinakubali kuliko mu mukono ya papa Tshimanga!"

Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini niliporudi nyumbani nilimsimulia Damas maneno hayo mara mbili. Mimi niliyesoma mpaka darasa la sita na miaka miwili ya masista, niliyeingia labo kuosha chupa. Naandika ili mjue kwamba nilifurahi.

8 Februari

Hakuna kitu. 37.

12 Februari

Kuna kitu. Kati ya mawe ya barabara nimeona mstari wa seli nyembamba ndefu, zimelala upande mmoja kama kapenta, wale dagaa wadogo, juu ya mkeka. Nimezungusha darubini, nikaona mstari wa pili.

Camille anasema ni baridi ya Januari, seli zimenyooka kwa mateso, zitarudi. Inawezekana.

15 Februari

Kapenta ni nusu ya chupa. Mawe ni nusu.

18 Februari

Mawe ni machache sana. Mvua haikukatika leo, paa la ghala linavuja juu ya magunia. Nimelisha, nimeandika namba, nimekwenda nyumbani. Nimechoma ugali. Damas ameula bila kuuliza.

20 Februari, Jumamosi

Papa Tshimanga, leo naandika kirefu.

Asubuhi nilikuwa peke yangu. Nilichukua chupa ya hamsta na chupa ya mbuzi, nikaziweka chini ya darubini moja baada ya nyingine. Kisha nikafanya kinyume. Kisha nikafumba macho, nikazizungusha mezani mpaka nisijue ipi ni ipi, nikaangalia tena. Sikuweza kusema hii ni ya hamsta na hii ni ya mbuzi mpaka niliposoma maandishi.

Juu ya ukuta, kwa mkono wenu, bado imeandikwa: SIKU YA MBUZI SI SIKU YA HAMSTA. Miaka kumi na moja nimefuata neno hilo na sikuwahi kuwauliza sababu. Nilidhani ni heshima, kama vile mtu hali nyama Ijumaa ya Kwaresima: unafuata, unanyamaza. Kama ningejua sababu, labda ningeliogopa zaidi. Leo nimeielewa. Seli za hamsta zinazaa mara mbili kwa siku, za mbuzi mara moja kwa siku mbili. Tone moja la hamsta likianguka kwa mbuzi, ni suala la majuma tu.

Ni tarehe tisa Desemba. Umeme ulidumu saa mbili tu na treni yenu ilikuwa imetangazwa. Nilianza na hamsta kwa sababu walikuwa karibu na mlango. Pipeti ile iliyogusa hamsta niliirudisha katika chupa ya chakula, na chakula kilekile nikawamiminia mbuzi, chupa zote. Sikubakiza hata moja. Nilikuwa nafikiri mfuko wa unga, na kwamba mama Mbombo ataondoka bila kuniona.

Nimejaribu kutafuta siku nyingine ya kulaumu. Radi ya Koni, mbabula, tumbo langu. Lakini siku tano badala ya nane zilianza majuma mawili tu baada ya hapo, muda mfupi mno, na hesabu yake inarudi kwenye tarehe tisa.

Nimesali rozari nzima nikiwa nimesimama. Nikalisha chupa zote mbili, kila moja na pipeti yake.

22 Februari

Nimemwambia chef Camille. Alikuwa anakula karanga. Akaacha.

"Nani tena anajua?"

"Mungu, na minye, na sasa weye."

"Mungu hatasema," akasema. Kisha akaona uso wangu. "Pardon, mama. Lakini sikiya. Docteur Hélène anaangalia chupa, anaona seli zinaishi, anaweka mu thermos, anaenda. Sisi batu tisa tunabakia na kazi. Macho yako inaweza kukosea. Haiko ivi?"

"Inaweza."

"Basi hatuna hakika."

"Tunaweza kuwa nayo," nikamwambia. "Tuziwekee mbegu ya chanjo, ile virusi ya mu frigo. Ile ndui ya mbuzi inatoboa seli za mbuzi, siku tano unaona matundu. Seli za hamsta inaziacha."

Akaangalia karanga zake. "Fanya," akasema.

24 Februari, Jumatano ya Majivu

Nimepokea majivu. Nimeweka mbegu ya ndui katika chupa mbili, moja yenye jina la mbuzi na moja ya hamsta.

26 Februari

Hakuna tundu.

1 Machi

Hakuna tundu, si huku wala huku. Kapenta wamejaa, wamenenepa, wamelala upande mmoja.

Camille ameangalia muda mrefu. "Mbegu yako imekufa," akasema. "Frigo ilizimika siku ine mu Januari. Uliweka dawa ya kufa, sasa unashangaa hakuna muntu anakufa?"

Nilimkasirikia sana moyoni. Nilifikiri: huyu mtu atakubali kitu chochote isipokuwa kile kilichopo. Lakini neno lake si la kijinga. Frigo ilizimika kweli. Ili kujua kama mbegu iko hai ingehitajika seli ya mbuzi isiyo na shaka, na hiyo ndiyo tusiyokuwa nayo.

5 Machi

Mvua tangu alfajiri, barabara ya Kamatanda imekuwa mto. Saa nne Camille ameingia amelowa mpaka kwenye soksi, anasukuma baiskeli ndani ya labo, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza. Kwenye kerya, kile kibebeo cha nyuma, kuna sufuria iliyofungwa ndani ya mto wake wa maua mekundu. Ndani ya sufuria, figo mbili za mbuzi, bado zina moto.

"Albert wa buchari alisema minye niko mwendawazimu," akasema. "Nilimuambia: chinja ile mbuzi kijana, haina na ndui, na figo nipe mbele ya bibi zako wote. Akasema mbele ya bibi zake anakulaka figo yeye. Tulipigana kidogo."

"Mulipigana kweli?"

"Ya mudomo, mama. Haya, kata! Nitakuonyesha kama ile mbegu yako ni maiti."

Alikuja kunishinda, hilo nalijua. Lakini alipanda baiskeli kilomita zile katika mvua ile, na mto umeharibika kwa damu. Nimekata figo kwa makasi, vipande kama chembe za mchele, nimezipa dawa ya kubandua, nimezichuja, nimezipanda katika chupa sita. Camille alishika saa. Pipeti mpya kila mara. Hamsta hawakutoka kabatini siku nzima.

8 Machi

Zimeshika chini. Ndogo, chache, lakini zimeshika.

13 Machi

Mawe ya barabara, papa Tshimanga. Nilikuwa nimesahau jinsi yalivyo mazuri.

14 Machi, Jumapili

Baada ya misa nimeweka mbegu ileile ya frigo katika chupa mbili za figo mpya. Nne sikuzigusa. Kama matundu hayatatokea, Camille ana haki, mbegu imekufa, na huenda seli zenu bado ni zenu. Nimesali matundu yasitokee. Halafu nimeona kwamba nasali macho yangu yawe yamekosea, nikaacha, nikasali Baba Yetu tu.

17 Machi

Labda kitu. Labda uchafu wa kioo.

19 Machi

Matundu. Chupa zote mbili. Makubwa, mviringo, kama nguo iliyoliwa na mende.

Camille ameangalia kwanza kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Ameifunika darubini kwa kitambaa chake, taratibu, akaenda kusimama kwenye baraza na kutazama mvua.

Basi imekwisha. Mbegu iko hai. Zile seli za passage ya 158 si za mbuzi. Kazi yenu ya miaka kumi na sita imeliwa ndani ya chupa zake zenyewe, nami ndiye niliyekuwa nikiilisha.

22 Machi

Hakuna kitu.

25 Machi

Camille ameniomba jambo. Ameomba polepole, bila kunipandia sauti. Jumatatu Docteur Hélène akija, mimi nikae na kazi ya kuosha, maneno yote nimwachie yeye. "Minye njo chef," akasema. "Kama kuna zambi, iko mu kichwa yangu." Amenitajia wale tisa, mmoja mmoja, na idadi ya watoto wao. Hakukosea hata nyumba moja. Sikujua kwamba anawajua hivyo.

Nimerudi kuosha chupa.

29 Machi, Jumatatu

Docteur Hélène amefika saa tano. Ni mtoto wa Likasi aliyeolewa Lusaka, anasema Kiswahili chetu bila kutafuta maneno. Amefungua thermos juu ya meza. Camille ametoa chupa nne kabatini, akazipanga mbele yake. Mikono yake ilikuwa safi. Mimi nilikuwa kwenye beseni, mgongo kwao.

"Mama Alphonsine," akaita. Hakumuuliza chef, aliniuliza mimi. "Tuko passage ngapi?"

"Mia moja hamsini na tisa, Docteur."

"Papa Tshimanga aliniambia anaziacha mu mikono yako. Ziko safi?"

Camille akakohoa. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye viganja vyangu.

"Haziko za mbuzi," nikasema. "Ziko hamsta. Niliharibu minye, tarehe kenda ya Desemba. Zilipimwa."

Akakaa. Akaangalia kwa darubini, chupa zote nne, bila haraka. Kisha akamgeukia Camille.

"Chef, weye ulijua?"

Hapa angeweza kusema hapana. Neno langu lilikuwa linamwachia mlango wazi.

"Nilijua," akasema Camille. "Figo ya kupima ni minye nilitafuta."

"Ju ya nini hamukunitelefonia? Nimevuka mupaka na thermos!"

"Na simu gani, Docteur?"

Akacheka kidogo, bila furaha, akafunga thermos tupu. Alituambia wazi: hawezi kupeleka hamsta Lusaka na kuandika mbuzi. Chanjo yote ingeshindwa, na wachungaji wangepoteza msimu mzima. Na habari ya tawi, bila seli hakuna tawi. Mwisho wa Aprili labo inafungwa.

Camille akamwonyesha chupa za figo mpya. Akaziangalia, akasema ni nzuri, lakini ni changa. Seli za namna hiyo hufika passage ya kumi au karibu na hapo, kisha huzeeka na kufa zote. Amejaribu mwenyewe mara saba. "Za papa Tshimanga tu njo zilipita. Alifanya nini?"

Hatukujua. "Mukipita kumi, muniandikie," akasema mlangoni. "Nitarudi hata kama ni Agosti."

Gari lilipokwisha kupinda kona, Camille aliniambia: "Weye mama, utatuua na hii kweli yako." Kisha akaenda kuwaambia wale saba wengine. Alikwenda yeye, hakunituma.

30 Machi

Wawili hawanisalimii. Nimelisha figo mpya. Passage ya tatu.

2 Aprili

Camille ametoa daftari zenu zote za zamani. Zilikuwa nyumbani kwake, chini ya kitanda cha watoto. Septemba vijana waliokuja kuvunja ofisi yenu hawakuzikuta kwa sababu alikuwa amezibeba asubuhi ile. "Ju ya nini hukusema?" nikamuuliza. "Kwa nani?" akasema. Miezi minne nimemwandika hapa kama mtu wa mto.

3 Aprili

Tumesoma mwaka 1976 wote. Passage ya kwanza mpaka ya tisa, kila kitu kipo: chakula, joto, siku. Ya kumi: "Zimesimama. Hazigawanyiki. Nyingi zinakufa." Halafu kurasa tatu kila siku neno moja tu: "Nimengoja." Halafu passage ya kumi na moja, zimeamka, na haziachi tena.

Tumekaa na kurasa hizo tatu mchana mzima.

9 Aprili, Ijumaa Kuu

Hakuna kitu. 37. Mvua inapungua.

12 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Kristo amefufuka. Leo hakukunyesha. Sista Émérence anaondoka kesho kuja huko kwenu, kwa hiyo nafunga daftari hapa.

Seli mpya ziko passage ya tano. Camille ameandika kwa wakuu wa mji na kuomba labo isifungwe mpaka Juni. Wamekubali tutumie chumba kimoja, bila mshahara. Tumebaki wanne. Seli za hamsta tumezichemsha zote na chupa zao. Mwisho wa Mei seli zitafika passage ya kumi, na zitasimama.

Basi nawauliza, papa Tshimanga, kwa sababu hakuna mwingine wa kuuliza. Mlingoja namna gani? Mlizibadilishia chakula, au mliziacha na kilekile? Mlipunguza joto? Mlizihamisha, au hamkuzigusa? Na mlijuaje kwamba bado kuna iliyo hai?

Nimewaandikia kosa langu lote, na sijalipunguza. Najua pia nawauliza ninyi, mlioondolewa katika mji huu wakati sisi tunaangalia viatu. Mkikataa kuisaidia labo hii, hakuna hapa atakayesema mmekosea, wala mimi, wala Camille, ambaye sasa amesimama mlangoni na anauliza kama nimemtaja. Nimemwambia ndiyo.

Lakini hata kama habari ya seli hamtaki kuiandika, niandikieni mstari mmoja kwamba mlifika, na mguu wa mama Mbombo unaendeleaje. Mpeni sista barua, atarudi baada ya majuma matatu. Tafadhali, nijibuni upesi, kabla Mei haijaisha.

Mimi dada yenu katika Kristo,
Alphonsine